KULALA LINDONI: NI UVIVU AU NI MWILI?



Kuna neno moja linalorudi mara kwa mara katika barua za kufukuzwa kazi ambazo wanachama hutuletea: "amekutwa amelala." Askari wa usiku, ambaye vijana wa siku hizi humwita soja, amesimama langoni huko Karen usiku 13 mfululizo bila kupumzika hata mmoja. Usiku wa 14, saa 9.30, msimamizi wa zamu anapita na gari, anammulika tochi, anamkuta kichwa kimeinama. Kunapokucha anaambiwa avue sare. Hakuna anayemwuliza alilala saa ngapi jana, wala alilinda usiku mangapi. Barua yasema kwa ufupi kwamba mtu huyu ni mvivu na si mwaminifu.

Sisi twasema kwamba shtaka hili mara nyingi huangukia mtu asiyestahili. Hatuji kuomba huruma. Tutaeleza wanayoyajua wataalamu leo juu ya ubongo na mwili, kisha tutapiga hesabu ya saa kama sheria ilivyoziandika. Mwenye kazi akisikia kilio hugeuza uso, lakini akionyeshwa hesabu hukaa kitini akasikiliza.

UZUSHI ULIOTOKA NAIROBI

Kabla ya kuyasema ya leo lazima tukumbushane ya jana, kwa sababu neno "mvivu" lina historia katika mji huu.

Katika miaka ya 1930 walikuwapo Nairobi madaktari waliotaka kuonyesha kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni. Mmoja wao, F. W. Vint, alipima ubongo wa watu wetu waliokufa hospitalini, na mwaka 1934 akaandika kuwa ni mwepesi, na kwamba ngozi yake ya juu, ile ya kufikiria, haikukua sawasawa. Hakuweka maanani kwamba aliowapima walikuwa maskini waliokufa kwa maradhi. Akaja Dakta J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari. Mwaka 1951 alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapa kitabu chake juu ya akili za Mwafrika. Mwaka 1954 akaandika juu ya Mau Mau, kana kwamba watu waliodai ardhi walikuwa wagonjwa wa akili.

Angalieni jinsi mambo hayo yalivyofaa kwa wakati ule. Mtu akidai mshahara, ni ubongo wake. Akidai shamba lake, ni ubongo wake. Akichoka, ni ubongo wake tena. Hakuna aliyepima urefu wa siku ya kazi, wala uzito wa posho, wala baridi ya kibanda alicholala. Elimu hiyo imetupwa, na wataalamu wa leo huitaja kwa kuionea haya. Lakini mazoea yake bado yamo katika vinywa vya watu. Kila anapokutwa mlinzi amelala, mtu hutikisa kichwa na kusema, "Ndivyo walivyo hawa."

Basi sisi nasi twasema: haya, na tuutazame ubongo! Ila safari hii tuutazame kwa haki, wa askari langoni na wa bwana chumbani.

MWILI UNA SAA YAKE

Wengi wenu mnaujua mmea uitwao kifauongo, ambao ukiguswa hufumba majani. Hufumba vilevile usiku na kufumbua mchana. Mwaka 1729 mtaalamu wa nyota wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alitia mmea wa namna hiyo mahali penye giza. Akaona kwamba majani yaliendelea kufumbuka kulipokucha na kufumba kulipokuchwa, ingawa jua halikuufikia. Mmea ulikuwa na habari ya saa ndani yake.

Jogoo ni vivyo hivyo. Wataalamu wa Japani walitangaza mwaka 2013 kwamba jogoo akiwekwa katika mwanga hafifu usiobadilika, huendelea kuwika karibu na saa ya alfajiri. Wazee walisema jogoo awike asiwike kutakucha. Sasa twaweza kuongeza kwamba kuche kusikuche, jogoo atawika.

Na binadamu je? Mwaka 1962 Mfaransa mmoja, Michel Siffre, aliingia katika pango milimani na kukaa huko kama miezi miwili, bila saa, bila redio, bila jua. Alipokuja kutolewa tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni tarehe 20 Agosti. Hesabu yake ya kichwani ilipotea kwa siku 25. Hata hivyo mwili wake haukupotea. Ulikuwa umelala na kuamka kwa mzunguko wa saa 24 na kidogo tu zaidi.

Mashine ya saa hiyo imejulikana. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza inavyofanya kazi. Waliichunguza katika vijidudu tunavyoviona kila siku juu ya ndizi mbivu. Ndani ya seli hutengenezwa kitu cha namna ya protini. Usiku hujaa, na kikishajaa huzuia kutengenezwa kingine. Mchana hupungua mpaka kikaisha, na kazi huanza upya. Kujaa na kupungua huko huchukua kama saa 24. Mashine ya namna hiyo imo katika mwili wa binadamu pia.

Katika ubongo wetu iko saa kubwa inayoziongoza saa nyingine zote za mwili. Ni kifundo kidogo cha seli kama 20,000, kilichokaa nyuma ya macho, juu ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana. Kifundo hiki hupewa habari za mwanga na seli maalumu zilizo ndani ya jicho. Jioni kikipata habari ya giza huamuru homoni iitwayo melatonini imwagwe katika damu, na mwili hujiandaa kulala. Karibu na alfajiri joto la mwili hushuka hadi chini kabisa, kati ya saa 10 na saa 11. Kisha, kabla hatujaamka, mwili huongeza homoni nyingine ya kutuamsha.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna haja ya kushangaa sana. Saa zetu twazihesabu tangu jua linapochomoza. Wazungu waanza siku yao usiku wa manane, mtu amelala. Sisi twaanza saa moja asubuhi, mtu ameamka. Na hapa Nairobi, karibu na mstari wa Ikweta, jua hutoka na kutua kwa tofauti ya nusu saa hivi tu kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mwili wa mtu wa hapa hupigiwa kengele ile ile, wakati ule ule, kila siku ya maisha yake.

KWA NINI SAA 9 USIKU?

Nguvu mbili humvuta mtu alale. Ya kwanza ni saa hiyo tuliyoieleza. Ya pili ni deni. Tangu mtu anapoamka, kitu kiitwacho adenosini huongezeka katika ubongo wake, na kadiri kinavyozidi ndivyo usingizi unavyozidi. Deni hilo hulipwa kwa kulala tu. Kahawa hailipi. Kafeini iliyomo ndani ya kahawa huziba mlango ambao adenosini ingepitia, na mtu hajisikii mchovu kwa muda. Inapoondoka, deni lote lipo palepale likimngojea. Sehemu ya Karen ilikuwa shamba la kahawa mpaka mwaka 1931, Karen Blixen aliposhindwa na ardhi ikakatwa viwanja. Leo kahawa iliyobaki huko ni ile ya chupa ya askari, na haimtoshi.

Sasa tazameni saa 9 usiku. Deni la usingizi limekuwa kubwa na saa ya ubongo iko chini kabisa, kwa hiyo nguvu zote mbili zinamvuta pamoja. Wakati huo ubongo unaweza kujizima wenyewe kwa sekunde chache, macho yakiwa yamefunguka. Mwenyewe hajui kuwa amelala. Ukimwuliza ataapa kuwa alikuwa macho, na hasemi uongo.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi vibaya kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24 huwa kama mwenye asilimia 0.10, kiasi kinachozidi kile kinachoruhusiwa dereva katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Hakuna mwajiri ambaye angekubali kumtia langoni mlinzi aliyelewa pombe. Lakini wako wanaompangia zamu itakayomlevya bila pombe, kisha wanamlaumu kwa ulevi huo.

Jambo hili si la Karen peke yake. Ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979, ilianza saa 10 alfajiri. Ule wa Chernobyl ulilipuka mwaka 1986 saa 7 na dakika 23 usiku. Meli Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska mwaka 1989, muda mfupi baada ya usiku wa manane, na wachunguzi wa Marekani waliandika kuwa uchovu wa afisa wa zamu ulikuwa miongoni mwa sababu. Na hapa kwetu, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, yapata saa 9 usiku, na watu zaidi ya 30 wakafa. Baada ya hapo Serikali ilisimamisha kwa muda safari za usiku za magari ya abiria. Hatusemi kwamba usingizi ndio ulioleta ajali ile. Twasema kwamba hatari ya usiku inajulikana hata ofisini kwa wakubwa.

"LAKINI AMEZOEA"

Hili ndilo jibu tunalopewa mara nyingi: askari amelinda miaka kumi, kwa hiyo mwili wake umezoea. Si kweli. Wengi wa wanaofanya kazi ya usiku hawazoei kabisa, hata miaka ikiwa mingi, na sababu yake inaonekana wazi kila asubuhi barabarani.

Askari atoka zamu saa 12. Kutoka Karen kwenda Kibera au Kawangware aelekea mashariki, na jua linalochomoza limemkabili usoni. Macho yake yapeleka habari kwenye kile kifundo cha ubongo: kumekucha, anza kazi. Saa ya mwili inarudishwa mchana pale pale, mtu akiwa njiani kwenda kulala. Akifika nyumbani, mabati yamepata moto, watoto wa jirani wanacheza, redio zinapigwa, muuza maji anapita. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba anayelala mchana baada ya kazi ya usiku hulala saa moja hadi nne pungufu ya mtu wa kawaida. Na siku yake ya mapumziko ikifika, hukaa macho mchana ili aonane na mkewe na watoto na kwenda ibadani. Ni haki yake, ila saa ya mwili hurudi tena kwenye mchana. Mwili wake umekuwa kama msafiri asiyefika.

Madhara hayaishii kwenye usingizi. Tumbo na ini nalo lina saa yake. Chakula kinacholiwa saa 8 usiku hakitumiki vizuri kama cha mchana, na sukari hukaa katika damu. Kazi ya usiku ya miaka mingi imeonekana kuandamana na ugonjwa wa sukari na wa moyo. Mwaka 2007 wakala wa utafiti wa kansa wa Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu ya usiku katika fungu la mambo ambayo yaelekea kuleta kansa, na mwaka 2019 iliitazama tena ikaiacha katika fungu hilo hilo.

Tusiwasahau wenzetu walio ndani ya nyumba. Yaya anayelala chumba kimoja na mtoto mchanga na kuamka mara tatu usiku, kisha akatakiwa jikoni saa 11 alfajiri, naye analipa deni lile lile. Mpishi anayengoja wageni waondoke saa 6 usiku na kupika chai saa 12 asubuhi, hali kadhalika. Hao hawaitwi wafanyakazi wa usiku katika daftari lolote, lakini usiku wao umeliwa.

HESABU YA SHERIA

Sasa tuje kwenye sheria, na kila mwanachama ashike kalamu.

Amri ya Mishahara ya Jumla yasema kwamba wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 52, zikigawanywa katika siku 6. Lakini kwa mfanyakazi wa usiku yasema isizidi saa 60. Ukijumlisha kazi ya kawaida na ya ziada kwa wiki mbili, wa mchana asizidi saa 116, na wa usiku asizidi saa 144. Yaani yule ambaye mwili wake unaumia zaidi ndiye aliyeongezewa saa: 8 zaidi kwa wiki ya kawaida, na 28 zaidi kwa kila wiki mbili. Twaona kwamba walioandika hivyo walidhani kulinda ni kukaa tu. Elimu ya ubongo yaonyesha kinyume.

Hata hivyo, sheria hiyo yenyewe haifuatwi. Pigeni hesabu. Zamu ya saa 12 kwa usiku 6 ni saa 72 kwa wiki. Ondoa 60, zimebaki saa 12 za ziada, ambazo malipo yake ni mara moja na nusu; kwa hiyo mtu huyo anadai malipo ya saa 18 juu ya mshahara wake wa wiki. Kwa wiki mbili amefanya saa 144 kamili, amegusa dari. Akiwekwa usiku wa saba, wiki mbili zimekuwa saa 168, na sheria imevunjwa kwa saa 24. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Askari wetu wa usiku 13 alikuwa ameibiwa pumziko lake kabla hajainamisha kichwa. Basi nani aliyevunja mkataba kwanza?

Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo chasema kwamba mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa kosa lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na amsikilize, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa Chama aliyemchagua. Kuambiwa "vua sare" langoni si kusikilizwa. (Walinzi walioajiriwa na makampuni wana Amri yao ya mwaka 1998, waje ofisini wasomewe.)

WATAKAOTUPINGA

Mwenye nyumba atasema, "Mimi namlipa ili awe macho. Wezi wakija nitawaambia nini, kwamba ubongo wake una saa?" Swali hilo ni la haki na tunalijibu. Anayetaka lango lenye macho na alinunue. Mtu mmoja kwa saa 12, usiku kucha, bila wa kumpokea, si ulinzi. Ni picha ya ulinzi, nayo huwapendeza wezi, ambao saa 9 usiku wanaijua kuliko sisi. Usalama wa mwenye nyumba na afya ya mlinzi ni jambo moja.

Tazameni pia marubani. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa mwaka 1994 habari za marubani wa safari ndefu za bahari ya Pasifiki. Wale walioruhusiwa kupumzika dakika 40 kwa zamu, mwenzao akiwa usukani, walilala kwa wastani dakika 26, nao wakawa waangalifu zaidi kuliko ambao hawakupumzika. Rubani aliyebeba mamia ya watu apangiwa usingizi mfupi, na huitwa mwenye hekima. Askari aliyelinda ua wa kayaba na magari mawili akisinzia huitwa mwizi wa mshahara.

Wapo pia wenzetu wanachama watakaotupinga. Watasema, "Mkipunguza saa, mtapunguza pesa. Nina karo ya watoto." Tena wengine, wakitoka lindoni asubuhi, hushika jembe na kufyeka majani ya jirani hadi adhuhuri. Hatuwalaumu. Twajua bei ya unga. Lakini mtu anayeuza usingizi wake ili akamilishe mshahara anauza mtaji, na mtaji ukiisha hakuna mwajiri atakayemrudishia. Kwa hiyo hatudai saa pungufu kwa mshahara pungufu. Twadai mshahara unaomtosha mtu anayelala.

TUNAYOYADAI

1. Pasiwe na mlinzi hata mmoja anayelinda usiku wa saba mfululizo, kwa sababu yoyote.

2. Wiki ya kawaida ya kazi ya usiku isizidi ile ya mchana. Amri ibadilishwe kutoka saa 60 hadi saa 52, bila kukata mshahara.

3. Siku ya kazi igawanywe zamu tatu za saa 8. Mpaka siku hiyo ifike, zile saa 12 za ziada za kila wiki zilipwe zote, na ziandikwe katika karatasi ya mshahara.

4. Kila mlinzi wa usiku apewe mapumziko ya nusu saa au zaidi kati ya saa 7 na saa 10, akiwa na mtu wa kumpokea, na mahali pakavu pa kujinyoosha. Akiamka apewe dakika chache kichwa kitulie kabla ya kushika lindo.

5. Zamu zinapobadilishwa ziende mbele: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Saa ya mwili hupita saa 24 kidogo, kwa hiyo kuchelewesha usingizi ni rahisi kuliko kuuwahisha. Wapo watu wa alfajiri na wapo watu wa usiku kwa maumbile yao. Waulizwe kabla ya kupangwa.

6. Mfanyakazi wa usiku apimwe na daktari bila malipo kabla ya kuanza na kila baada ya muda, na akionekana hafai kwa kazi ya usiku ahamishiwe mchana, asifukuzwe. Haya yameandikwa katika Mkataba wa 171 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990. Hatujayabuni.

7. Asifukuzwe mtu kwa kulala kabla daftari la zamu halijafunguliwa mbele ya mjumbe wa Chama, na kuhesabiwa usiku aliofanya.

NENO KWA WANACHAMA

Tusielewe vibaya. Chama hakisemi kwamba kulala lindoni ni halali. Askari anayejitandikia blanketi saa 3 usiku, hali alipumzika mchana kutwa, anatuharibia kesi zetu zote, na hatutamtetea kwa maneno ya ubongo. Twamtetea yule ambaye amefanyishwa kazi mpaka mwili ukakataa.

Hadi madai yetu yatakapopatikana, jilindeni. Asubuhi vaeni kofia yenye ukingo mpana au miwani myeusi njiani, jua lisiingie machoni. Tundikeni blanketi dirishani, chumba kiwe giza. Waambieni majirani na watoto kwamba baba au mama amelala, kama vile wengine walalavyo usiku. Kahawa inyweni mwanzo wa zamu. Baada ya saa 8 usiku iacheni, maana itawanyima usingizi wa mchana. Miraa yaficha uchovu na haiuondoi. Pombe ya asubuhi hulaza upesi, lakini usingizi wake ni mbovu na hukatika.

Juu ya yote, andikeni. Kila mmoja awe na daftari dogo: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, usiku wa kupumzika. Mwenye daftari ana shahidi. Siku utakapoitwa ofisini, usijibu kwa hasira wala kwa kuomba radhi kwa jambo usilolitenda. Mwite mjumbe wako, fungua daftari, hesabu.

Zamani walipima ubongo wetu kwa mizani ili watuambie tumezaliwa wavivu. Leo ubongo umepimwa upya, na imeonekana kwamba wa mwenye nyumba na wa askari wake una saa ya namna moja, inayofuata jua moja. Tofauti iliyobaki ni kwamba mmoja ana ruhusa ya kuitii na mwingine hana. Tofauti hiyo haikuumbwa na Mungu; iliandikwa katika Amri na katika orodha za zamu, na yaliyoandikwa na watu huandikwa upya na watu.

Leteni madaftari yenu katika mkutano wa tawi. Wajumbe wa Karen, Lang'ata na Dagoretti wakusanye hesabu za kila lango, na Chama kitazipeleka mbele ya waajiri na mbele ya Wizara ya Kazi.

UMOJA NI NGUVU.